Toa Wimbo wa Rozi

Mwezi uliopita nilikabidhi ufunguo wa kibanda changu cha nyimbo cha Viwanja Sitini, hapa Ifakara, kwa Neema, niliyefanya naye kazi miaka mingi, na wenzake wa kaunta wakaniomba niwaandikie kazi ilivyokuwa kabla ya simu. Nadhani walitarajia ukurasa mmoja wa kubandika ukutani, pembeni ya tangazo la vocha. Wamekosea mtu. Maisha yangu yote ya kazi nilikaa kimya nikisikiliza wengine wakiimba, kwa hiyo sasa watanivumilia. Sitaeleza kibanda kilijengwaje wala mashine ya tatu ilipatikanaje, maana habari hizo zinawafurahisha ndugu wenye wivu tu. Nitaeleza kazi.

Ninyi mnaingiza nyimbo mia kwenye kadi ndogo kama ukucha kabla mteja hajamaliza soda yake. Kwetu, wimbo wa dakika sita uliingia kwa dakika sita, na ukipiga chafya vibaya ukaugusa waya, unaanza upya. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa nimetoka Mahenge kuja kukaa na shangazi yangu, na shangazi alikuwa na tabia ya kumtafutia kazi kila mgeni aliyelala kwake zaidi ya wiki mbili. Akanipeleka kwa Fundi Hamisi.

Fundi Hamisi alitengeneza redio kwenye chumba kilichopakana na mashine ya kukoboa mpunga. Alikuwa mtu mwembamba, mpole, asiyependa maneno mengi, na alikuwa na redio kubwa ya kaseti mbili aliyotumia kurekodia watu nyimbo. Hakuwa na muda wa kuisimamia, maana mikono yake ilikuwa kwenye risasi ya kuchomelea tangu asubuhi. Alihitaji mtu. Siku yangu ya kwanza nilivaa gauni la kanisani nikidhani nitabonyeza vitufe. Alinipa penseli, pamba na chupa ya spiriti.

"Hizo ndizo mashine zako," akasema. "Penseli ya kuzungushia utepe, spiriti ya kusafishia kichwa cha redio. Ukimaliza hizo kanda ulizoziona kwenye boksi, tutazungumza."

Boksi halikuisha kwa siku tatu. Vumbi la pumba kutoka mashine ya jirani liliingia kila mahali, likakaa kwenye utepe, na kanda ikawa inaimba kama mtu mwenye mafua. Nilijifunza kuunga utepe uliokatika kwa kipande cha selotepu chembamba kuliko unyoya. Nilijifunza kusikia kwa sikio kwamba mota inakwenda taratibu, na kuirekebisha kwa bisibisi ndogo kupitia kitundu cha nyuma. Siku ya nne ndipo akaniruhusu kukaa mbele ya kitufe chekundu, kile cha kurekodia.

"Hiki hakijui kuomba radhi," akaniambia. "Kabla hujakigusa, sikiliza kanda mwanzo na mwisho. Na muulize mwenyewe."

Nilisikiliza mwanzo na mwisho kwa uaminifu kabisa. Ile ya kumuuliza mwenyewe niliiona ni mambo ya wazee.

Lazima niwaeleze meno ya kanda, maana hamjayaona. Nyuma ya kila kaseti kulikuwa na vipande viwili vidogo vya plastiki. Ukivivunja, mashine inakataa kurekodi juu ya kanda hiyo, na kilichomo kinakuwa salama. Lakini ukiziba vitundu kwa karatasi au selotepu, mashine inadanganyika na inakubali. Kanda mpya zilikuwa ghali, kwa hiyo kila siku tulikuwa tunaziba vitundu. Mteja analeta kanda ya muziki aliouchoka, tunafuta, tunaweka mwingine.

Na kulikuwa na neno. Mteja akitaka nakala alisema, "Nitolee huu." Akitaka wimbo ufutwe alisema, "Nitolee huu." Tulielewana kwa uso, kwa sauti, kwa kuona kama ameleta kanda moja au mbili. Sikuwahi kuona kwamba hapo pana shimo.

Baada ya mwaka mmoja nilikuwa najulikana. Fundi Hamisi aliunganisha kipaza sauti kwenye mashine, na mimi nikaanza kusema mwanzoni mwa kila kanda, juu ya muziki: "Kanda hii imerekodiwa na Tekla, Viwanja Sitini, Ifakara!" Nilisema kwa mbwembwe. Watu walipenda. Nikienda sokoni wauza nyanya waliniita kwa sentensi hiyo nzima. Fundi Hamisi pekee ndiye hakupenda.

"Mtu anaimba, wewe unampigia kelele," alisema.

"Ndiyo biashara, fundi."

"Haya."

Msimu wa mpunga kukomaa ndio ulikuwa wetu. Watu walihamia mashambani kuwinga ndege wasimalize mpunga, wakakaa juu ya dungu la miti katikati ya shamba kutwa nzima na kombeo, na mtu hawezi kukaa juu ya dungu kutwa nzima na kwelea kwelea peke yao. Walitaka kanda. Kanda halisi moja ikifika Ifakara kwa treni, baada ya siku chache ilikuwa Mngeta, Mlimba, Malinyi, imezaa watoto na wajukuu, na wengi wao walizaliwa kwangu. Sikujiona mwizi. Mwimbaji kwangu alikuwa mtu wa Dar es Salaam, mtu wa picha kwenye karatasi ya kaseti. Sikuwahi kufikiri kwamba mwimbaji anaweza kuvuka barabara akasimama kwenye kaunta yangu.

Alivuka. Jina lake Mwalimu Kasiani, mwalimu wa kwaya ya kigango cha Lumemo. Kwaya ile ilikuwa imechangishana magunia ya mpunga, ikasafiri hadi Dar es Salaam kurekodi, ikarudi na maboksi ya kanda iliyotaka kuuza ili inunue kinanda. Wimbo wa kwanza uliimbwa na binti aitwaye Rozi. Alianza peke yake, bila ngoma wala kayamba: *Nimefika mtoni, nani atanivusha?* Kisha kwaya nzima ikamjibu. Niliinunua kanda hiyo siku ya kwanza, nikausikiliza wimbo huo mara tatu, nikalia kidogo, halafu nikaanza kuutolea watu nakala. Nililia kwa dhati na nikarudufu kwa dhati, na sikuona mgongano wowote.

"Shikamoo, mwalimu," nilimsalimu siku alipokuja.

"Marahaba. Tekla, siku hizi unaimba kwaya gani?"

"Mimi? Siimbi kwaya, mwalimu."

"Ajabu. Nimepita kwenye mashamba huko, kila dungu nasikia kanda yetu, na ndani yake nasikia sauti yako inatangulia ya Rozi. Nikasema labda umejiunga na sisi na sikuambiwa."

Watu wawili waliokuwa kwenye benchi walicheka. Ningeomba radhi, tungemalizana. Badala yake nilimwambia kila mtu anafanya hivyo, na kwamba kama watu hawanunui kanda zake huenda hawazipendi. Alinitazama, akaondoka. Mchana ule, kwa hasira na kisirani, nikaifuta ile kanda halisi niliyokuwa nayo, nikaweka dansi. Nilijiambia nimeacha dhambi. Ukweli ni kwamba nilitaka nisiisikie tena.

Masika yaliyofuata Rozi aliugua homa, akafa baada ya siku chache. Alikuwa mtoto pekee wa Mama Felista, mwanamke aliyelima bustani ya mboga karibu na mto. Wiki hizo hizo mto Lumemo ulifurika, maji yakaingia nyumbani kwa Mwalimu Kasiani, na maboksi ya kanda zisizouzwa yaliyokuwa chini ya kitanda yakageuka matope. Studio iliyowarekodi ilikuwa imeshafungwa na hakuna aliyejua vitu vyake vilipelekwa wapi.

Baada ya arobaini, nilikwenda sokoni kutafuta betri. Niliporudi, Fundi Hamisi alinipa kanda iliyofungwa kwenye kipande cha kanga. "Ameacha Mama Felista. Ana haraka ya gari la Kidatu, atapitia keshokutwa." Ilikuwa kanda ya kwaya, meno yamevunjwa, na kikaratasi: *Tekla, toa wimbo wa Rozi, weka ule wa Mama Maria. Asante mwanangu.*

Nataka mnielewe hapa, kwa sababu sikufanya kwa uzembe. Nilikaa na karatasi ile. Nilikuwa nimeona wafiwa wengi. Mjane mmoja alishaniletea kanda ya harusi yake nifute, akasema sauti ya marehemu inamzuia kula. Nikadhani Mama Felista naye hawezi kuvumilia sauti ya mwanawe, anataka nyimbo nyingine za kwaya zibaki, ila ule utoke na mahali pake pakae wimbo wa Bikira Maria tuliokuwa nao kwenye kanda nyingine. Nilimhurumia sana. Nikaziba vitundu kwa karatasi, nikasikiliza mwanzo na mwisho kama nilivyofundishwa, nikabonyeza kitufe chekundu. Nilifanya kazi safi. Hakuna mahali uliposikika mkwaruzo.

Keshokutwa yake alikuja.

"Shikamoo, mama. Pole na safari."

"Marahaba, mwanangu. Tayari?"

"Tayari." Nikampa kanda yake.

Akaigeuza. "Hii ni ile yangu. Nyingine iko wapi?"

"Nyingine ipi, mama?"

"Ile uliyotolea wimbo."

"Nimetoa kwenye hiyo hiyo, mama. Haupo tena. Nimeweka wa Mama Maria, kama ulivyoandika."

Bado alikuwa anatabasamu, akidhani mimi ndiye ambaye sijaelewa. "Hapana, mwanangu. Niliomba unitolee. Uutoe, uuweke kwenye kanda mpya, na ule wa Mama Maria uufuatishe, niwe nazo mbili pamoja. Nimekuja na pesa ya kanda mpya."

Fundi Hamisi aliweka chini chuma chake cha moto. Mama Felista alitutazama mmoja baada ya mwingine, halafu akaelewa. Hakupiga kelele. Aliketi kwenye benchi, akaifunga kanda katika kile kipande cha kanga, taratibu, pembe kwa pembe, na akasema, "Basi nimemzika tena." Nimesikia sauti nyingi katika kazi hii, na hiyo ndiyo niliyotaka kuifuta.

Jioni Fundi Hamisi hakunigombeza. Aliniuliza swali moja tu. "Ile kanda umewatolea watu wangapi?"

"Wengi, fundi. Sikuhesabu."

"Basi wimbo haujafa. Uko huko ulikoupeleka. Kautafute."

Nilimkumbuka mteja mmoja, Bwana Masanja, Msukuma aliyelima mpunga Mngeta, kwa sababu alinunua kanda tatu zinazofanana akisema ng'ombe wake hula moja kila msimu. Nilichukua redio ndogo na betri, nikapanda treni ya asubuhi. Nilimkuta juu ya dungu lake, na kabla sijafika nilijisikia mwenyewe: "Kanda hii imerekodiwa na Tekla, Viwanja Sitini, Ifakara!" Kwelea kwelea wakaruka. Nikasimama kwenye mpunga nikisikiliza. Sauti yangu ilikuwa imekaa juu ya *Nimefika mtoni*, imeyafunika maneno hayo yote. Kisha, safi kabisa, *nani atanivusha?*

"Huo mwanzo ndio ninaoupenda," Bwana Masanja alisema kwa kunifurahisha. "Ndege wanakuogopa."

Aliniazima ile kanda. Niliporudi Ifakara nilikwenda moja kwa moja kwa Mwalimu Kasiani, jambo lililokuwa gumu kuliko safari. Nilimpigia magoti mlangoni, nikamweleza yote, pamoja na maneno yangu mabaya ya siku ile na kanda niliyoifuta kwa kisirani. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Mwenzangu," akasema, "mimi nilidhani kwaya yangu hakuna anayeisikiliza. Umesema ulimkuta nayo Mngeta?"

"Mngeta, mwalimu. Juu ya dungu. Anazo tatu."

Akatikisa kichwa. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeibiwa na kusifiwa kwa wakati mmoja, na sidhani alijua achague kipi.

Jumapili, baada ya misa, alisimama mbele ya waumini. "Yeyote mwenye kanda ya kwaya yetu, hata ya kurudufu, ailete kwangu. Hataulizwa aliitolea wapi." Kanisa zima likageuka kunitazama, na baadhi wakacheka kwa kujificha. Wiki hiyo zililetwa kanda kwenye vikapu, kwenye mifuko ya rambo, moja ndani ya sufuria. Zilitoka Lumemo, Kivukoni, mpaka kwa wavuvi. Mwenyekiti wa parokia alileta mbili. Tuliziweka kwenye meza ya Fundi Hamisi, tukasikiliza moja moja, mimi na Mwalimu Kasiani na fundi. Halisi haikuwamo hata moja; kila moja ilianza na mimi. Sijawahi kuichukia sauti kama nilivyoichukia yangu siku zile. Mara nyingine nilifunika mstari wote, mara nyingine nilicheka katikati.

Lakini zingatieni jambo moja. Sikuwa na tangazo lililorekodiwa. Kila nakala nilisema upya, kwa mdomo. Siku nilipokuwa na haraka niliwahi, siku nilipokuwa na maneno na mteja nilichelewa. Siku ya tatu tulifika kwenye kanda ya mama mmoja muuza samaki wa Kivukoni, mtu niliyegombana naye kila alipokuja. Fundi akabonyeza. *Nimefika mtoni*. Peke yake, bila mimi. Hata pumzi aliyovuta kabla ya kuanza ilisikika. Ndipo nikaingia, nimechelewa, nahema kwa hasira za ugomvi: "Kanda hii imere..."

Mwalimu Kasiani alishika ukingo wa meza. Fundi Hamisi akasema, "Tekla, leo ugomvi wako umefaa."

Tulikuwa na nusu ya kwanza kutoka Kivukoni na nusu ya pili kutoka Mngeta. Ile ya Kivukoni ilikwenda polepole kidogo, Rozi akasikika mzito. Fundi akafungua nyuma ya redio, akazungusha bisibisi yake kwa upana wa unywele, mwalimu akawa anatoa sauti ya nota kwa mdomo mpaka zote mbili zikakaa sawa. Kisha mimi nikashika kitufe cha kusimamisha. Kati ya *mtoni* na *nani* kuna pengo dogo la pumzi. Hapo ndipo pa kuunga. Nililikosa mara kumi na mbili. Ya kumi na tatu ikapita, na Rozi akaimba mstari mzima kama hakuna aliyewahi kumgusa.

Tulimwita Mama Felista kesho yake asubuhi. Niliweka benchi karibu na redio. Alisikiliza ile pumzi ya mwanzo, akafumba macho, akasikiliza wimbo wote hadi kwaya ilipomaliza. Akaniomba nirudie. Nikarudia. Mara ya tatu aliimba naye, kwa sauti ya chini, na Mwalimu Kasiani akageukia ukuta.

Wimbo ulipoisha alijifuta uso. "Sasa toa," akaniambia.

Nikakiinua kidole kutoka kwenye kitufe. "Mama, kutoa vipi? Nitoe ubaki, au nitoe uondoke?"

Akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu msiba. "Toa uwape watu, mwanangu. Huko kote alikokuwa amefika, umrudishe. Ila safari hii mwache aanze mwenyewe."

Tangu hapo nilihamishia maneno yangu mwisho wa kanda, baada ya wimbo wa mwisho, na kwa kanda za kwaya nilitaja jina la kwaya, si langu. Mwalimu Kasiani alileta kanda za kwaya yake kwetu tuwauzie, na watu wa mashambani walikuja kuulizia ile "yenye Rozi mzima". Kinanda kilinunuliwa. Kilichelewa, na kitufe kimoja hakikulia tangu siku ya kwanza, lakini kilinunuliwa. Sisemi kurudufu hakukuwaumiza waimbaji. Niliuona uso wa mtu aliyeumia, ng'ambo ya kaunta yangu. Nasema wimbo uliosambaa uliweza kurudi, na waliousambaza na waliouimba walijifunza kukaa kwenye benchi moja. Leo vijana wa kwaya ile ile wanaleta nyimbo zao kwa Neema wenyewe kabla hazijapoa, wanataka ziingie kwenye simu nyingi iwezekanavyo, na wanasimama pale kuhakikisha jina limeandikwa sawa. Fundi Hamisi angewapenda. Aliacha kazi macho yalipochoka, na bisibisi yake iko kwenye droo ya pili. Msiitumie kufungulia soda.

Mmeniuliza kwa nini nimestaafu sasa wakati miguu ingali na nguvu. Siku chache kabla sijatoa ufunguo nilikuwa nimekaa pembeni nikichambua mchele. Alikuja binti mmoja, macho mekundu, simu ya marehemu bibi yake mkononi. Akamwambia Neema, "Dada, nitolee hizi sauti za bibi."

Kidole cha Neema kilikuwa tayari juu ya kioo. Akakiinua.

"Pole, mdogo wangu," akasema. "Nitoe zibaki, au nitoe ziondoke?"

"Zibaki," yule binti akasema, akaanza kulia. "Dada, zibaki."

Nikaweka ungo chini, nikaanza kuutafuta ufunguo mfukoni.